Mwaka wa Kumfundisha Tajiri Kukaa

Mwezi uliopita nilikaa msibani Nyahanga, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliopinda, nikamsikiliza mtu mzima akisema uongo kwenye kipaza sauti. Marehemu alikuwa Meja. Jina lake la ubatizo lilisomwa mara moja kwenye wasifu na hakuna aliyelitambua, kwa maana mji mzima wa Kahama ulimjua kwa Meja tu, yule aliyefundisha mbwa wa wanunuzi wa dhahabu. Msemaji alikuwa Shija, ambaye siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi na tumbo linalolingana na duka. "Meja alikuwa mwalimu wa mbwa na mwalimu wa watu," alisema, huku akijifuta jasho kwa leso. "Sisi tuliopita mikononi mwake tunajua." Mimi nami nilipita mikononi mwake, na ninajua. Najua kwamba mbwa wa Shija katika darasa lile aliuawa kwa ushauri wa marehemu, na kwamba Shija mwenyewe ndiye aliyemkandamiza chini asichomoke. Lakini msibani hayo hayasemwi. Msibani tunatikisa vichwa na kumpandisha mtu cheo kwa mara ya mwisho, na siku ile Meja alipandishwa mpaka akakaribia kuwa mtume. Safu ya mbele alikaa Bosi Luhende, ambaye zamani nilitumika nyumbani kwake, sasa mzee wa fimbo, naye alipopewa kipaza sauti akasema kwamba mbwa wake alifundishwa na Meja mpaka akawa kama mtu. Nikaweka sahani chini. Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi. Nimewahi kuingiza mkono mpaka begani kumtoa ndama aliyeozea tumboni mwa mama yake, nikaenda nyumbani nikanawa nikala. Pilau ya siku ile ilinishinda.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ya kwetu Samuye nayaacha; inatosha kujua kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilikuwa nasubiri majibu ya chuo ambayo hayakuwa na haraka na mimi, na wakati nasubiri nilipata kazi ya ndani kwa Bosi Luhende. Nyumba yake ilikuwa na sebule mbili. Moja ilikuwa ya kukalia na nyingine ya kuonyeshwa. Hiyo ya kuonyeshwa ilikuwa na makochi ambayo hayajawahi kuvuliwa nailoni yake ya dukani, ukikaa unabandukana nayo kwa sauti, na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo nilivipangusa vumbi kila Ijumaa kwa mwaka mzima bila kuona chai ikiingia ndani yake. Jikoni kulikuwa na jiko la gesi la sahani nne tuliloweka juu yake beseni la vitunguu. Ugali tulipika nje, kwa kuni, nyuma ya banda la kuku. Mama Deo, mke wa Bosi, alikuwa amepiga marufuku Kisukuma ndani ya nyumba yake ili watoto wasiharibike ulimi, naye alikuwa hajui kuhesabu kuku wake ila kwa Kisukuma. Mara nyingi nilimsikia bandani akihesabu kwa kunong'ona kama mtu anayeiba.

Mbwa alikuja kwa sababu jirani alikuwa na mbwa. Kwa watu wale mambo yote yalikwenda hivyo. Mmoja akiweka geti la chuma lenye picha ya simba, kabla mwezi haujaisha mtaa mzima unanguruma. Bosi alimwagiza mbwa wake kutoka Mwanza, akaletwa nyuma ya gari ndani ya kreti la mbao, mbwa mkubwa wa rangi ya moshi, miguu mirefu kuliko akili yake, sikio moja limesimama na lingine limelala. Bosi akampa jina la Tajiri. Jina huumba, alisema. Hakufikiria kwamba jina hilo litaitwa na watumishi, mchana kweupe, na mtaa ukisikia. "Tajiri, toka kwenye takataka!" "Tajiri, acha kunusa mavi!" Mpishi wa jirani alikuwa akija kwenye ukuta wetu kwa makusudi kusikiliza. Mlinzi wetu alimwogopa mbwa, mtunza bustani alimwogopa, Mama Deo alikuwa akimtazama kupitia dirishani. Mimi nilikuwa nimekulia kati ya mbwa wa kuchungia, nikamfungulia kreti, akaniangusha, akanilamba mpaka ndani ya pua, akakimbia kuzunguka nyumba mara tisa bila kupumzika. Kuanzia siku ile akawa kazi yangu juu ya kazi zangu.

Hakuwa mbwa mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu mwaka ule wote nililisikia likisemwa kinyume na watu waliokuwa wabaya kuliko yeye. Alikuwa mbwa ambaye dunia ilimwingia yote kwa wakati mmoja. Mfuko wa plastiki ukipeperuka, ni wake. Kengele ya baiskeli, harufu ya dagaa, mtoto anayekimbia, mbuzi, kivuli cha mbuzi, vyote alivitaka na vyote alivifuata pamoja, na aliyeshika mnyororo alifuata nyuma. Ukimwita alikutazama kwa upendo wa kweli, kisha akaondoka.

Darasa la Meja lilikuwa Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Tulikuwa mbwa sita na watumishi sita. Wenye mbwa walikaa pembeni chini ya turubai, na kreti za soda miguuni, wakituangalia kama watu walioingia mpirani. Meja alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Alivaa shati la kijani lililopauka na buti zilizong'arishwa mpaka ukajiona, na shingoni alikuwa na filimbi tatu; kazi ya moja niliijua, kazi ya mbili sijaijua mpaka leo. Amri zake zote zilikuwa za Kiingereza, kwa kuwa, alitueleza, mbwa wa kigeni ana sikio la kigeni. Siti ni kaa chini. Stei ni baki hapo hapo. Na ukitaka mbwa atembee ubavuni mwako unamwambia Hili. Siku ya kwanza alipopaza sauti katikati ya uwanja, "Hili!", Shija, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwembamba anayemshika mbwa wa mwenye duka la dawa, alijibu kwa adabu zote, "Lipi, afande?" Turubai zima lilicheka. Meja alimpigisha Shija pushapu ishirini mbele ya mbwa wake, na mbwa akawa anamlamba sikio kila anaposhuka.

Halafu ikawa zamu yangu. Tulitakiwa kuzunguka uwanja kwa mstari, mbwa nyuma ya mbwa, hatua mbili katikati. Tajiri alikuwa hajawahi kuona mbwa watano kwa pamoja maishani mwake. Alilia kwa furaha, alisimama kwa miguu miwili, alinizunguka mpaka mnyororo ukanifunga magotini, kisha akamwona mbwa wa mbele na kuondoka na mimi. Nilivutwa kwa tumbo kutoka katikati ya uwanja mpaka ndani ya goli. Nilisikia vicheko kupitia vumbi. Nilisikia pia sauti ya Mama Deo, wala hakuwa akicheka, akimwambia jirani yake, "Wasichana wa kijijini hawana nguvu siku hizi, wanakula tu." Meja alikuja akasimama juu yangu na buti zake. "Mbwa anausoma moyo wa anayemshika," alisema kwa sauti ya kusikika turubaini. "Mshikaji mjinga, mbwa mjinga. Amka." Kisha akampiga Tajiri teke la mbavu, si kwa hasira, ila kwa utaratibu, kama mtu anayefunga mlango.

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote. Kila Jumamosi alitupanga karibu karibu, akapiga filimbi, akapaza sauti, na mbwa aliyechanganyikiwa akapata teke au akavutwa shingo mpaka akakohoa. Mbwa watatu walikuwa wapole tangu kuzaliwa, wakakaa walipoambiwa kwa kuwa walikuwa wanapenda kukaa, naye akawaonyesha kuwa ushahidi wa ualimu wake. Wengine tulikuwa wajinga. Baadaye sana, nikiwa kazini, nilikutana na mtu aliyewahi kufanya naye kazi, akaniambia Meja hakuwahi kuwa meja wala sajini. Alikuwa mtunza stoo kwenye kampuni moja ya ulinzi iliyokwisha kufa, akigawa unga wa mbwa. Sikushangaa. Alikuwa akitazama mbwa kama mtu anayetazama magunia.

Saa saba mchana, baada ya darasa, Meja alikuja kula kwa Bosi. Ilikuwa desturi ya kila Jumamosi. Nami niliyekuwa nimevutwa vumbini asubuhi ndiye niliyempikia, nikamletea birika na beseni, nikapiga goti na kumnawisha mikono. Alikuwa na mikono midogo, laini, yenye kucha zilizokatwa vizuri. Alipenda sato wa kukaanga na mlenda, akalalamikia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwamba ni chakula cha njaa, kisha akala sahani mbili za michembe. Kati ya jikoni na sebule kulikuwa na kidirisha cha kupitishia vyakula, chenye pazia, na yote niliyoyajua mwaka ule niliyajulia pale nikiwa nimesimama na bakuli mkononi.

Pale ndipo nilipomsikia akizungumzia mbwa wa Shija. "Yule nimeshamwambia mwenyewe," alisema Meja huku akichambua miba. "Mbwa akishapita miezi minne kwangu hajakaa, huyo hakai tena. Ana wazimu wa kuzaliwa. Kesho kutwa anapigwa sindano." Bosi akauliza kama hakuna njia nyingine. "Njia ipo. Mimi nina watoto wa mbwa nyumbani, wa damu safi, nimeshamwekea mmoja." Nikaelewa basi kwa nini darasani hakuna mbwa mgumu aliyewahi kufaulu. Jumatatu ile Shija alimkandamiza mbwa wake chini ya mwembe wa duka la dawa, mtu wa sindano akafanya kazi yake, na Jumamosi Shija akaja uwanjani na mtoto wa mbwa mwenye minyoo, tumbo kama ngoma. Nilimuuliza ilikuwaje. "Alikuwa na wazimu," Shija akasema bila kunitazama. "Meja anajua." Nilimdharau pale pale, na miaka imepita nikiwa bado sijapata sababu ya kuacha. Mbwa aliyeuawa alikuwa na kosa moja, kumlamba Shija sikio.

Wiki mbili baadaye Meja aliweka kijiko chini na kusema, "Na huyu wako, Bosi. Nampa mpaka siku ya maonyesho. Mgeni rasmi atakuwepo, watu wakubwa kutoka Geita watakuwepo. Akituaibisha, ujue la kufanya." Bosi akasema, "Wewe ndiye mtaalamu." Ni neno dogo tu, nami nimelisikia tangu wakati ule kwa watu wengi walioitwa wakubwa, na kila mara nimeona kitu kikifa nyuma yake.

Nilianza na kilichokuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye macho. Mbwa yule nyumbani, peke yangu naye nyuma ya banda la kuku, alikaa vizuri. Kule uwanjani, katikati ya mbwa watano na filimbi na soda, hakusikia hata jina lake. Kwa hiyo tatizo halikuwa wazimu. Tatizo lilikuwa umbali. Nikaanza kuamka mapema Jumamosi na kumpitisha majarubani, njia ndefu ya mpunga, akakimbia kwenye matope mpaka ulimi ukaning'inia, ili akifika darasani awe amekwisha kumaliza nusu ya wazimu wake. Mfukoni nilibeba dagaa wakavu. Na nikaacha kabisa amri za Meja. Kutoka kinywani mwangu Siti ilitoka kama chafya, Tajiri akacheka nayo. Nikamwambia kwa Kisukuma, lugha niliyojua mwenyewe kuamrisha wanyama: igasha, yaani kaa; nzugu, njoo; leka, achana nacho. Neno hili la tatu ndilo lililotugharimu miezi. Leka kuku. Leka mfuko. Leka mbuzi. Akiacha na kunigeuzia macho, dagaa. Asipoacha, hakuna teke, hakuna kelele. Tunarudi nyuma hatua kumi tunaanza tena.

Kwenye darasa nikawa siingii kwenye mstari. Nilisimama na mbwa wangu nyuma ya choo cha shule, mbali, mahali ambapo mbwa wengine walionekana wadogo kama paka. Pale aliweza kunisikia. Jumamosi iliyofuata tukasogea mpaka kona ya uwanja. Iliyofuata tukasogea hatua tano, akashindwa, tukarudi. Watu wa turubaini walinionyesha vidole. Meja aliniita. "Wewe binti, hapa ni darasa au malishoni?" Nikamwambia, "Shikamoo, Meja. Akiwa karibu na wenzake haoni wala hasikii. Kwa mbali anasikia." Akaangalia turubai, akaniangalia mimi. "Anasikia nini?" "Anasikia ninachomwambia." "Lete mnyororo." Akanipokonya, akauzungusha mkononi mara mbili, akampeleka Tajiri katikati ya mbwa wote kwa kumburuta shingo, akapiga filimbi karibu na sikio lake lililosimama na kupaza sauti, "Siti!" Tajiri, kwa furaha ya kuwaona wenzake na kwa hofu ya yule mtu, vyote kwa pamoja kama kawaida yake, akalala chali na kukojoa. Mkojo ukapanda juu kama bomba lililopasuka na kuishia kwenye buti za Meja zilizong'arishwa. Turubai lilianguka kwa kicheko. Hata Mama Deo alicheka, akashika kifua. Mimi sikucheka, maana nilimwona Meja usoni, nikajua kwamba sasa mbwa wangu hana tena nafasi ya kushindwa hata kidogo.

Siku ya maonyesho walileta viti vya kitambaa na zulia jekundu, wakaliweka juu ya vumbi, na baada ya nusu saa zulia lilikuwa na rangi ya vumbi. Mgeni rasmi alichelewa. Miongoni mwa wageni kutoka Geita kulikuwa na bwana mmoja mnene, mnunuzi mkubwa, ambaye kila aliyekaa karibu naye aliinama akizungumza. Tulipangwa mstari, mbwa nyuma ya mbwa. Nilikuwa nimemtembeza Tajiri tangu alfajiri. Kwa ukaribu wa kiasi kile tulikuwa tumefaulu mara mbili tu maishani mwetu. Meja alipiga filimbi, akapaza sauti, "Siti!", nami chini kwa chini, bila kufungua meno, nikasema, "Igasha." Akakaa. "Stei!" Wakati huo huo wachungaji wa mtaa wa nyuma, ambao hawakuwa na habari za mgeni rasmi wala za zulia, walikatiza ng'ombe wao uwanjani kama walivyokatiza kila siku. Ng'ombe kama thelathini, kengele, vumbi, ndama wakiruka. Mbwa wapole wa Meja, ushahidi wake, waliondoka wote na watumishi wao. Mtoto wa mbwa wa Shija alikimbilia chini ya kiti cha mgeni rasmi. Nikamhisi Tajiri akitetemeka kwenye mguu wangu kama injini. "Leka," nikamwambia. Alilia kidogo, sauti nyembamba ya puani. Ndama mmoja alisimama akamtazama kabisa usoni. "Leka, bhabha, leka." Akageuza kichwa, akaniangalia mimi. Alibaki ananiangalia mpaka ng'ombe wa mwisho akapita.

Walipiga makofi. Nitasema ukweli juu yangu pia, maana nisiposema nitakuwa nafanana na Shija: makofi yale yaliniingia. Nilisimama na mgongo umenyooka nikifikiri kwamba sasa wameona, sasa watauliza binti huyu amefanyaje. Meja alitembea mpaka kwetu, akaweka mkono wake mdogo juu ya kichwa cha mbwa ambaye alikuwa amemkatia hukumu ya kifo, akawageukia wageni. "Miezi kumi mikononi mwangu," akasema. Bosi akasimama kupokea pongezi. Hakuna aliyeuliza kitu. Mama Deo alipita karibu na kuniambia nikimbie nyumbani nikaange samaki, wageni wanakuja kula.

Ndivyo nilivyoyasikia mengine nikiwa kwenye kidirisha changu. Yule bwana mnene wa Geita alikuwa akinyonya kichwa cha sato. "Mbwa kama yule," alisema, "ndiye ninayemtaka getini kwangu." Sekunde moja haikupita. "Ni wako," akasema Bosi Luhende. "Mchukue. Mimi na wewe ni ndugu." Hawakuwa ndugu. Kulikuwa na shimo fulani la dhahabu kule Geita ambalo Bosi alitaka kuingizwa ndani ya ubia wake. Nilikuwa nimelisikia likitajwa mezani tangu masika. Meja akasema ni uamuzi wa kiume. Nilikuwa na bakuli la mchuzi mkononi, wa moto, nikasimama nalo mpaka likaniunguza, nikaliweka chini taratibu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuingia sebuleni nikasema neno. Jibu ni kwamba niliogopa. Nilikuwa nimewadharau watu wale mwaka mzima, jikoni, bandani, njiani, na ilipofika siku ya kuonyesha dharau yangu mezani nikaingia na mchuzi nikasema, "Karibuni." Na lilikuwepo jambo lingine lililonichoma zaidi: mbwa asingekaa, angepigwa sindano; amekaa, ametolewa zawadi. Ni mimi niliyemfanya afae kutolewa.

Nilitumwa Geita siku tatu kumkabidhi. Nyumba ya yule bwana ilikuwa na ukuta mrefu kuliko wa Bosi na geti lenye simba wawili. Aliyepangiwa kumshika alikuwa mlinzi mzee, Mzee Bulugu, mwenye koti la mvua alilolivaa hata juani, na nilikuwa nimekwenda nikiwa tayari kumdharau naye, kwa kuwa ilikuwa imeshakuwa mazoea. Usiku wa kuamkia safari nilikuwa nimewaza kumpa maneno ya uongo. Nimwambie kaa ni neno hili, kumbe silo. Mbwa asimsikie, waseme ameharibika, warudishe. Lakini nilijua mbwa walioharibika hawarudishwi. Mzee Bulugu alimtazama Tajiri muda mrefu akimzunguka na kunusa kila kitu getini, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza mwaka ule. "Mwanangu, huyu ukitaka akusikie, unamfanyaje?" Nikamwambia yote. Igasha, nzugu, leka. Majaruba, umbali, dagaa, kurudi nyuma hatua kumi. Alirudia maneno kwa lafudhi yake ya Kizinza, akiyakosea, na Tajiri aliinamisha kichwa, sikio moja juu, akijaribu kumwelewa. Siku ya tatu alikaa kwa neno lake. Niliondoka wakati wanakula, wote wawili kutoka sufuria moja, nikapitia nyuma.

Nyumba ya Bosi nilivumilia miezi mitatu zaidi. Meja aliendelea kuja kula, nami nikaendelea kumnawisha, na darasa likajaa mpaka mbwa kumi na wawili, kwa sifa ya mbwa wangu. Kisha majibu ya chuo cha mifugo yakatoka. Nilimuaga Mama Deo, akanipa kitenge na ushauri kwamba nisizoee wanaume. Kabla ya kwenda chuoni nilipanda basi la Geita. Nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe mpya, niliyoshonewa kwa ajili ya chuo, nikasimama ng'ambo ya barabara nikiangalia lile geti la simba wawili. Mzee Bulugu alikuwa kwenye kigoda chake. Tajiri alikuwa amekaa pembeni yake, bila mnyororo. Magari yalipita, wachimbaji walipita na baiskeli zenye viroba vya mawe, mwanamke alipita na beseni la samaki kichwani, naye hakuinuka. Kisha upepo ukageuka akanipata. Niliona ngozi yake yote ikitetemeka kuanzia shingoni mpaka mkiani. Lile sikio lililolala likasimama. Lakini hakuja. Aligeuza kichwa akamwangalia mzee, akisubiri, jinsi nilivyomfundisha mimi mwenyewe, na mimi pale ng'ambo nilihisi nimefanya jambo baya lisilofutika.

Nilivuka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Amekujua."

"Naona."

"Huwa namwachia jioni, nikifunga geti la ndani. Anakimbia anavyotaka, anafukuza hata vivuli. Sijamtoa huo wazimu wake. Ningeutoa wa nini?" Akamtazama mbwa, akanitazama mimi na blauzi yangu. "Nimwachie sasa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Mzee Bulugu alisema neno moja la Kizinza ambalo sikulijua, si mojawapo ya yale yangu. Tajiri alinijia kifuani kwa uzito wake wote. Tulianguka pamoja kwenye vumbi jekundu la kando ya barabara, akanilamba macho, akaniachia, akakimbia kuzunguka kigoda, akarudi akaniangusha tena kabla sijasimama, akilia ile sauti yake nyembamba ya puani, na wachimbaji wakasimamisha baiskeli zao kututazama. Sijui ilikuwa kwa muda gani. Basi la kurudi lilipopiga honi mzee alimwita, akaenda, akakaa, anahema.

Nilisafiri mpaka chuoni na alama nyekundu za makucha kifuani mwa blauzi nyeupe. Abiria wa pembeni yangu, mama mmoja wa makamo, aliniangalia kwa muda, kisha akaniuliza kwa huruma kama nilianguka. Nikamwambia ndiyo, mara mbili.